Somo: Kubadilisha krosi za propela, Land Rover 109 na Defender (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha mwaka 2024, kila mwenye 109 iliyokuwa inalaliwa na kuku ameitoa uani. Na mimi naulizwa swali lilelile: "Gari inagonga nikiachia klachi, ni difu?" Mara nyingi si difu (boksi la gia la katikati ya ekseli), ni krosi: ile jointi ya msalaba kwenye ncha za propela, bomba linalopeleka nguvu kutoka transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) hadi difu. Naandika leo, kuanzia kesho nitakuwa natuma linki tu.

DALILI. Kishindo kimoja kizito unapoondoka au unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi. Mlio wa wiki-wiki-wiki kwenye mwendo mdogo, unaokwenda na mzunguko wa propela: hapo grisi imekwisha. Mtetemo unaokua na spidi. Ingia chini, shika propela, itikise huku na huku ukiangalia krosi inapoingia kwenye uma (mikono miwili ya chuma yenye matundu inayoishika). Ukiona unga wa kutu ukitoka ukingoni mwa kikombe (kifuniko chenye beringi kwenye kila mguu wa krosi), krosi hiyo imekwisha.

VIFAA. Spana mbili za 9/16, vaisi imara, soketi mbili (moja nyembamba kuliko kikombe, nyingine inayokimeza kikombe, ya 32 inafaa), koleo la seklipu (vibanio vinavyozuia vikombe visitoke), nyundo ya shaba au ya plastiki, msasa laini, grisi ya lithiamu namba 2 na bomba la kuipampia. Nimesema 9/16. Ya 14 haiingii, ya 15 inaingia na kula kona za nati, halafu unaanza kutafuta mtu wa gesi.

1. Egesha pa tambarare, kinga matairi mbele na nyuma kwa magogo au mawe ya maana. HENDIBREKI YA GARI HIZI HAISHIKI MATAIRI. Iko nyuma ya transfa, inashika propela ya nyuma. Ukifungua propela hiyo, hendibreki inabaki pambo, na gia haitakusaidia. Hata kunyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki kunatosha gari kuondoka, kwa sababu difu inaliachia tairi la hewani lizunguke. Magogo kwanza, jeki baadaye.

2. Weka alama kabla ya kugusa spana. Kwenye kila flanji (sahani ya mwisho inayofungwa kwa nati) na mwenzake, na kwenye spilaini (sehemu yenye meno inayoteleza ili propela irefuke na kufupika), upande wa mwanamume na wa mwanamke. Tumia patasi au ponchi ndogo. Chaki na rangi vitafutika ukianza kuosha.

3. Fungua nati nne kila upande. Usipofikia nati, nyanyua tairi moja, weka nyutro, zungusha propela. Nati zenye plastiki ndani usizirudishe, nunua mpya.

4. Chomoa, osha kwa dizeli, piga brashi ya waya. Kagua bomba la propela: likiwa limebonyea au limepinda, krosi mpya hazitaondoa mtetemo. Vile vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba ni vya balansi, usivitoe. Kagua na spilaini: ikicheza sana kimzunguko, tafuta propela nyingine.

5. Toa seklipu nne. Zikikataa, gonga kikombe kidogo kwa ndani ili kiache kuibana seklipu.

6. Sukuma vikombe kwa vaisi: soketi ndogo upande mmoja, kubwa upande wa pili. Usipige bomba kwa nyundo. Usichome uma kwa gesi.

7. Safisha matundu ya uma na mifereji ya seklipu. Kisha jaribu kikombe kipya. Kinatakiwa kiingie kwa kubanwa. Kikizama kwa kidole, tundu limelika na uma huo umekufa. Najua kuna mafundi wanaotia ponchi pembeni au kuchomelea kikombe. Krosi iliyochomelewa haibadilishwi tena, na propela ikikatika upande wa mbele ukiwa kwenye mwendo inaweza kuchimba barabara.

8. Kuingiza krosi mpya. Hapa msikimbie, mimi mwenyewe nimeua krosi mpya hapa. Ndani ya kila kikombe kuna sindano nyembamba zimesimama ukutani, zimeshikwa na grisi tu. Moja ikianguka chini ya kikombe, vaisi haitakwambia kitu: utabana, utasikia ugumu, utaongeza nguvu, na sindano itavunjika au kikombe kitapasuka. Fanya hivi. Toa vikombe vyote, hesabu sindano za kila kimoja zilingane, paka grisi ya kuzigandisha, si ya kujaza. Weka krosi kwenye uma kabla ya vikombe, na nipeli ya grisi (chuchu ya kupampia) itazame upande wa bomba. Ukiigeuzia flanji, bomba la grisi halitaingia na utafungua upya. Anzisha kikombe cha kwanza kwa mkono, SUKUMA MGUU WA KROSI UINGIE NDANI YAKE, kisha ndiyo uanzishe cha pili. Wakati wa kubana, mguu mmoja usitoke kabisa kwenye kikombe chake, maana ndio unaozishikilia sindano. Bana kidogo, chezesha krosi kwa kidole, bana tena. Ikikaza ghafla, simama. Mfereji wa seklipu usipoonekana wote, kuna sindano imelala chini. Toa, panga upya. Usiigonge seklipu iingie kwa nguvu, itaruka barabarani.

9. Seklipu zikishakaa, gonga uma kidogo kwa nyundo ya plastiki ili vikombe virudi nje viegemee seklipu. Krosi inatakiwa icheze pande zote bila kukwama na bila ulegevu.

10. Rudisha spilaini kwenye alama zako.

11. Paka rangi bomba ukitaka. Usipake spilaini wala uso wa flanji.

12. Funga, kaza kila nati kwa Nm 47. Pampu grisi kwenye krosi mpaka ichungulie kwenye sili. Kwenye spilaini pampu KIDOGO. Ukiijaza, propela haiwezi kufupika springi zinapobonyea, na nguvu hiyo inaenda kwenye beringi za transfa na difu.

MASWALI

Kaka_Rivasi: Mkuu somo zuri. Nimefungua propela ya nyuma sasa hivi, nimevuta hendibreki ila gari inasogea. Tatizo nini?

Mtoa somo: Hatua ya 1. Toka chini ya gari kwanza, ndiyo uisome.

mama_wa_Hiace: Samahani kaka, Hiace yangu nayo inatetema nikiondoka na abiria wamejaa. Ni krosi pia?

Mtoa somo: Inaweza kuwa, dada, lakini Hiace nyingi zina propela ya vipande viwili na beringi ya katikati yenye mpira. Mpira ukichoka, mtetemo unakuja hasa gari likiwa na mzigo na linaanza kuondoka. Mwambie fundi aunyanyue ule mpira kwa mkono kabla hajakuuzia krosi. Mpira ukipanda na kushuka sana, anzia hapo. Na alama mweke vilevile.

Boss_Harrier: Harrier yangu ya 2WD inalia nikikata kona, nifuate hatua zipi?

Mtoa somo: Hakuna hata moja. Gari lako halina propela. Huo ni mlio wa CV jointi za mbele (jointi za ekseli zinazozungusha matairi).

Boss_Harrier: Si ungejibu tu vizuri mkuu

Mtoa somo: Nimejibu. Angalia mpira wa CV kama umepasuka.

Mwanafunzi_VETA: Mwalimu, hatua ya 10 umeipitia haraka. Kwa nini lazima uma za pande mbili zilingane? Propela si inazunguka tu?

Mtoa somo: Swali zuri, na nilitegemea mtu aulize. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, haizungushi sawasawa. Upande wa kuingiza ukizunguka kwa mwendo uleule, upande wa pili unaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Kwa digrii 20 inafika asilimia 6. Krosi ya pili ipo ili ifute kosa la ya kwanza, na itaweza tu kama uma zake zimelingana na za mwenzake na pembe za pande mbili ziko sawa. Ukiruka jino moja la spilaini, makosa hayafutani vizuri. Ukikosea robo ya mzunguko (digrii 90), yanajumlishana.

Mwanafunzi_VETA: Asante sana. Lakini nimeangalia propela ya mbele ya Defender ya mjomba, uma hazijalingana na haijawahi kufunguliwa!

Mtoa somo: Umeona vizuri. Baadhi ya Defender na Range Rover za zamani, propela ya mbele ilitoka kiwandani hivyo, kwa sababu pembe ya transfa na pembe ya difu ya mbele hazifanani. Ndiyo maana sikuandika "linganisha uma", niliandika "rudisha kwenye alama zako".

Chuma_Chakavu: Krosi nzuri bei gani?

Mtoa somo: Sitaji bei, kila duka lina yake. Nenda na krosi ya zamani mkononi, pima upana: za Land Rover ziko za mm 75 na za mm 82, na muuzaji hatakuuliza. Chukua yenye nipeli. Zile zilizozibwa moja kwa moja ni nzuri kwa lami, kwa matope ya masika siziamini.

Dereva_wa_Pori: Nyongeza wakuu. Krosi ya nyuma ikikatika porini, chomoa propela yote ya nyuma, kwenye 109 bonyeza ile nobu ya njano (inayounganisha propela ya mbele) uendeshe kwa matairi ya mbele. Nimefika nayo nyumbani.

Mtoa somo: Kweli. Kwenye Defender utafunga difu loki ya katikati (ya kwenye transfa), la sivyo nguvu yote inaishia upande usio na propela. Nenda taratibu, na ukisimama kwenye mteremko weka gogo.

Dereva_wa_Pori: Na ukivuka mto, ukifika pampu grisi siku hiyohiyo mpaka maji yatoke kwenye sili. Vikombe vya zamani navyo msitupe, natumia kimoja kusukumia kipya kwenye vaisi.

Mtoa somo: Hiyo ya vikombe naiongeza kwenye vifaa.

Kaka_Rivasi: Nimeweka mawe. Sasa nati ya juu haifikiki, nafanyaje?

Mtoa somo: Hatua ya 3.