Umerudi Chuo Ukubwani? Anza na Swali Unaloweza Kulimaliza

Wengi wanaorudi chuoni wakiwa na kazi na watoto hukwamia kwenye mada, kwa sababu wanachagua pana mno. "Changamoto za wavuvi Tanzania" haifanyiki kwa jioni mbili za wiki. Ipunguze: nani, wapi, lini, jambo gani hasa. Aliyeko Tanga anaweza kuuliza: "Kwa nini wanawake wachuuzi wa samaki soko la Deep Sea hawaombi mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri?" (yaani mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri). Tayari unajua wa kumuuliza na pa kumkuta. Ila swali hilo limeshaamua kwamba hawaombi. Liandike upya: ni mambo gani yanawafanya waombe au wasiombe? Na taja kipindi. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Usipotaja, utachanganya walioukataa mkopo na waliokuta dirisha limefungwa.

Kisha soma, kabla hujagusa dodoso. Google Scholar na AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika, zitakufikisha kwenye makala nyingi za bure. Anza na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ruka hadi hitimisho, halafu rudi kwenye mbinu uone walihojiwa wangapi na walipatikanaje. Dakika kumi zinatosha kujua kama makala inakuhusu. Isiyokuhusu iache bila huruma.

Inayokuhusu isome yote, kalamu mkononi. Kila unachonakili kiandikie palepale mwandishi, mwaka na ukurasa. Maneno yake yatie alama za kunukuu, mawazo yako yaandike kwa wino wa rangi nyingine. Hapa ndipo watu waaminifu wanapoangukia kwenye wizi wa kitaaluma: miezi mitatu baadaye sentensi nzuri imo daftarini, na mwenyewe hakumbuki kama ni yake.

Mapitio ya maandiko yanayokwenda "huyu alisema, yule naye akasema" hurudishwa na msimamizi, na ni haki yake. Panga aya kwa hoja: moja ya masharti ya kikundi, moja ya makaratasi, moja ya hofu ya deni. Ndani ya kila aya wakutanishe waandishi: nani wanakubaliana, nani kaona tofauti, na je, ni kwa kuwa yeye alihoji wakulima badala ya wachuuzi? Kisha sema wewe unaona nini. Uzoefu wako wa kazini utakusaidia sana kupata swali, lakini "kila mtu anajua kwamba" haikubaliki bila rejeo au data.

Barua ya utambulisho iombe chuoni mapema. Kwa kawaida inapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka hadi halmashauri, kata na mtaa, ndipo ufike kwa uongozi wa soko. Ukiruka ngazi unarudishwa mwanzo.

Idadi ya wahojiwa nayo ipigie hesabu. Kwa kanuni ya Yamane, ya kukokotoa idadi ya wahojiwa kutokana na kosa unaloweza kuvumilia kwenye matokeo, tuseme wachuuzi ni 300: kosa la asilimia 5 linadai watu 171, la asilimia 10 linadai 75. Kwa mwenye ajira, 171 ni mzigo. Kwa swali la "kwa nini", mahojiano ya kina ya watu 15 hadi 20 huenda yakakufaa zaidi. Zungumza na msimamizi kabla hujachapisha karatasi hata moja.

Mwisho, lijaribu dodoso kwa wachuuzi watano wa mwalo mwingine, Sahare kwa mfano. Swali litakalokwama ni "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" Mchuuzi hahesabu kwa mwezi. Muulize: jana ulinunua kwa shilingi ngapi, ukauza kwa ngapi, nauli je, barafu je? Pembeni andika tarehe, na kama ni giza au mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mauzo ya jana ya mwezi mpevu yatakudanganya.