Friji linavuja penye bomba la maji ya kunywa: tafuta maji yanakotoka kabla ya kununua kifaa

Wakuu, salaam. Maswali ya mafriji yanayovuja penye bomba la maji mlangoni yamekuwa mengi humu ndani, na jibu linalotolewa haraka haraka ni "nunua vali mpya" (vali ni koki ya umeme inayolifungulia friji maji) au "badilisha tangi". Sikubaliani nalo. Mafriji mengi ninayoitiwa hayana kifaa kilichokufa. Unakuta mpira umekunjika, au kuna chumvi imeganda kwenye koki, au maji yanaingia kwa presha ambayo friji halikutengenezewa. Ndiyo maana humu tutachunguza sana kabla ya kufungua chochote.

Andaa magazeti ya zamani, kitambaa kikavu, tochi ya simu, siki nyeupe, mswaki uliochakaa na rangi ya chakula ile ya kutilia keki. Bisibisi utaihitaji baadaye, huenda usiihitaji kabisa.

Hatua ya 1: Jua friji lako ni la aina gani

Kuna aina mbili na matatizo yake hayafanani. Ya kwanza ina tangi la plastiki ndani ya mlango, unalijaza mwenyewe kwa jagi, na mara nyingi linabeba lita mbili hadi nne. Hii ndiyo imejaa majumbani kwetu. Ya pili imeungwa na bomba la nyumba kwa mpira mwembamba wa robo inchi unaoingia nyuma, ina chujio, na mara nyingi inatengeneza barafu pia. Hizi ni zile kubwa za milango miwili inayofunguka kama kabati.

Hatua ya 2: Hakikisha ni bomba la maji linalovuja kweli

Watu wengi wanairuka hatua hii. Maji chini ya friji yana njia nyingi za kufika pale.

Kausha kila mahali: mlango nje na ndani, rafu za mlango, chini ya droo za mboga, sakafu. Tandika magazeti chini na mbele. Kama friji lako ni la tangi, tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye maji, changanya, funga mlango, uache saa kadhaa. Gazeti likilowa maji yenye rangi, tatizo lipo kwenye tangi au koki yake. Likilowa maji meupe, achana na koki, maana hayo yanatoka kwingine.

Kwingine kwenyewe mara nyingi ni tundu la kutolea maji, lililo ukutani kwa nyuma ndani ya friji. Barafu inayoyeyuka hushuka kwenye tundu hilo hadi kwenye beseni dogo juu ya kompresa (ile mashine ya kupoza iliyo nyuma chini), na joto la kompresa huikausha. Tundu likizibwa na kipande cha mchicha au ganda la kitunguu, maji hujaa chini ya droo za mboga kisha yanatafuta mlango. Zibua kwa mrija wa soda na maji ya uvuguvugu. Usitumie waya wala msumari, utatoboa njia yenyewe.

Angalia pia kile kisinia kidogo pale unapoweka glasi. Katika mafriji mengi kisinia hicho hakina bomba la kutolea maji, kinakusanya tu matone. Watoto wakicheza na kibonyezo kinajaa, kinamwagika, na baba anaita fundi.

Hatua ya 3: Friji la tangi, chomoa tangi na ulipime mezani

Chomoa friji kwenye umeme kwanza. Mwaga maji yote, kisha inua tangi taratibu. Mengine yana vibanio viwili pembeni vya kubonyeza. Usilivute kwa mbele, utavunja shingo yake.

Sasa tazama namna linavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hutadanganywa na mtu. Chini ya tangi kuna shingo inayopenya tundu la mlango. Kwenye shingo au tunduni kuna mpira wa mviringo unaozuia maji yasipite pembeni. Mbele kuna koki yenye springi na kiwosha cha silikoni, yaani kile kipira laini kinachoziba maji. Ukisukuma kibonyezo kwa glasi, koki inafunguka. Ukiachia, springi inarudisha kiwosha kwenye kiti chake. Tangi haliendeshwi na umeme wala presha, ni mvutano wa ardhi tu. Kwa hiyo pakivuja, ni kiwosha, au mpira, au ufa. Basi.

Lijaze tangi nusu, liweke juu ya gazeti kavu kwa saa moja. Katika aina ambazo koki inabaki mlangoni tangi linapotolewa, shingo ya tangi huwa na kizibo chake chenyewe, kwa hiyo kipimo kinafanyika vilevile.

Tone likitokea mdomoni mwa koki, fungua kofia yake (nyingi zinazungushwa kwa mkono), toa springi na kiwosha, viloweke kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kwa dakika thelathini. Sugua kwa mswaki, hasa pale kiwosha kinapokalia. Anayetumia maji ya kisima ataona unga mweupe mgumu. Chembe moja ya unga huo inatosha kuzuia koki isifunge. Suuza vizuri.

Likilowa ubavuni au chini, kuna ufa. Mulika kwa tochi kutoka ndani, utauona kama uzi. Ufa mara nyingi unatokana na mtu kumimina maji ya moto, au friji kuwekwa baridi kali hadi maji ya tangi yakaganda na kutanuka. Tangi lenye ufa linabadilishwa. Gundi tutaizungumzia kwenye maswali.

Likikaa kavu kabisa, basi tangi ni zima na kosa lipo kwenye kulipachika. Kagua ule mpira wa mviringo: umekunjwa? umekatika? umetoka kwenye mfereji wake? Upake mafuta ya silikoni yanayoruhusiwa kwa vyakula, si grisi ya gari, kisha rudisha tangi na ulisukume mpaka usikie limekaa. Jaza hadi kwenye alama, usivuke. Tangi lililojazwa mpaka kifunikoni humwagika kila mlango unapofungwa kwa nguvu, na maji hayo yanashuka ndani ya mlango na kutokea chini kana kwamba koki imeoza.

Hatua ya 4: Friji la bomba, anza na umeme

Maji yakidondoka mfululizo mdomoni, chomoa friji kwenye soketi na usubiri dakika chache. Yakiendelea, vali ya nyuma haifungi vizuri. Yakikoma, vali ni nzima ila kuna swichi inayoiambia ifungue wakati hakuna aliyebonyeza; angalia kama kibonyezo kimenasa kwa uchafu.

Hatua ya 5: Presha

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Watengenezaji wengi wanataka maji yaingie kwa angalau psi 20, yaani karibu baa 1.4 (psi na baa ni vipimo vya presha), na yasizidi psi 120 hivi. Vali ya nyuma hutegemea presha hiyohiyo ili ifunge: umeme ukikatika kwenye koili (waya wa sumaku wa vali), kipini kidogo kinashuka, na maji yenyewe ndiyo yanayoukandamiza utando wa mpira ukae sawasawa. Maji yakiwa hafifu, utando haukandamizwi vya kutosha, na tone linapita.

Sasa piga hesabu. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa baa moja. Tangi la nyumbani lililowekwa kwenye mnara wa mita 4 juu ya friji linatoa baa 0.4. Hata nyumba ya ghorofa moja yenye tangi juu ya paa, mita 6 au 7, bado hujavuka nusu ya kinachotakiwa. Friji limetengenezewa mji ambao maji yanasukumwa moja kwa moja, sisi tunalilisha maji ya tangi. Ukinunua vali mpya, itavuja vilevile baada ya wiki.

Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye njia inayokwenda friji, au nyumba nzima ukiweza. Kama umefunga mtambo wa kuchuja maji kabla ya friji, pima presha baada ya mtambo, si kabla, maana mtambo unaila.

Hatua ya 6: Chujio na viungo

Uvujaji ulioanza siku ulipobadilisha chujio mara nyingi ni hewa iliyobaki ndani. Bonyeza sekunde tano, achia sekunde tano, rudia mpaka maji yatoke bila kukohoa, kisha toa lita 12 hivi na uzimwage. Matone yakiendelea, toa chujio utazame mipira yake. Wa zamani huweza kubaki ndani, wa pili ukakaa juu yake.

Viungo vya mpira wa robo inchi nyuma ya friji na karibu na bawaba ya chini vikaushe na uvifunge karatasi ya chooni. Panapolowa ndipo panapovuja. Funga koki ya maji, kata mpira kwa wembe mpya, ncha iwe imenyooka, usukume hadi ukomo wake, halafu uvute kidogo kuhakikisha umeshika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Fundi, langu ni la tangi, nimefanya kipimo cha rangi, gazeti halikupata rangi. Lakini msimu huu wa mvua mlango wenyewe unalowa kuzunguka pale pa kukingia maji. Ni nini?

Jibu: Dada, hilo ni jasho. Hewa ya pwani imejaa unyevu, ikigusa plastiki ya baridi inakuwa maji. Tazama kama friji lina swichi ya kuokoa umeme. Mafriji mengi yakiwekwa hapo huzima kipasha joto kidogo kilichomo mlangoni, ambacho kazi yake ndiyo hiyo ya kuzuia jasho. Izime msimu wa unyevu. Kagua na raba ya mlango. Lita nne za maji ni kilo nne zinazoning'inia mlangoni, na mlango ukilegea kwenye bawaba raba inaacha upenyo.

Swali (Mbeya): Mkuu, ufa wangu ni mdogo sana, kama nywele. Si naweza kuziba na supa gluu, au ile gundi ya mabomba?

Jibu: Hapana mkuu. Maji hayo unakunywa, na gundi hizo hazikutengenezwa kwa chombo cha kunywea. Halafu plastiki ya matangi haya haishiki gundi vizuri, ufa utarudi. Ukisubiri tangi jipya, litumie friji bila tangi: ziba tundu la mlango kwa kitambaa safi kilichobanwa, hewa ya nje isiingie.

Swali (Mombasa): Nimeletewa friji kubwa la mtumba kutoka Ulaya, la kuunganishwa na bomba. Sitaki kuliunganisha. Lakini linadondosha maji na nyuma kuna mlio wa kunguruma kila baada ya muda.

Jibu: Maji ni mabaki ya kwenye mipira na tangi la ndani, yataisha. Mlio ni vali inaitwa na kitengeneza barafu kila kinapotaka maji, na haipati. Zima kitengeneza barafu, ama kwenye vibonyezo vya mlangoni au kwa kuinua mkono wa waya ndani ya friza. Vali isiyopitisha maji hupata joto na kuungua. Na wanaoletewa kutoka Marekani wasome kibandiko cha nyuma kwanza: mengi ni ya volti 115, ukiyachomeka moja kwa moja huku kwetu hutauliza tena habari ya kuvuja.

Swali (Maskati): Assalaam alaykum fundi. Huku kiangazi maji ya tangi la juu yanatoka ya moto. Friji letu limeanza kuvuja penye chujio. Yahusiana?

Jibu: Waalaykum salaam. Inawezekana sana. Machujio mengi ya friji yameandikwa mwisho nyuzi joto 38 za Selsiasi, na tangi la juani Julai hupita hapo. Plastiki na mipira ya chujio hulegea. Soma maandishi ya chujio lenyewe. Ama ulitilie tangi kivuli na kulifunika kwa kizuia joto, ama uchukue maji ya friji kwenye tangi lililo ndani ya nyumba, kwa pampu.

Swali (Dodoma): Umeme ukikatika usiku kucha asubuhi nakuta maji sakafuni. Siku umeme ukiwepo, pakavu.

Jibu: Hiyo ni barafu ya friza inayeyuka yote kwa mpigo, na beseni la nyuma halikuwekwa kupokea maji mengi hivyo. Na kompresa imezimwa, hakuna joto la kuyakausha. Kama barafu ya friza ni nene kuliko kidole, iyeyushe mwenyewe mchana ukiwa na beseni na matambara. Bomba la kunywea usiliguse.

Swali (Tanga, tena): Swichi nimeizima jana, leo mlango mkavu. Je, bili ya umeme itapanda?

Jibu: Kidogo, ndiyo. Mvua zikiisha iwashe tena.