Mgeni wa Mirihi Katika Jumba la Kiingereza: Namna ya Kuandika Kisa Chake

Mwandishi anayetaka kuchekesha kwa viumbe wa sayari nyingine mara nyingi huanzia kwa kiumbe mwenyewe: humpa macho sita, ngozi ya kijani na sauti ya filimbi, kisha hushangaa kwamba kufikia ukurasa wa tatu msomaji ameshamzoea na hacheki tena. Mimi hushauri aanze na nyumba. Kiumbe wa ajabu akitua mahali ambapo kila mtu hufanya apendavyo, hakuna kinachovunjika. Lakini akitua katika nyumba ambamo imeamuliwa tangu zamani nani apite mlango upi, nani ainuke nani akiingia, na chupa ya mvinyo izungushwe mezani kuelekea upande gani, basi kila hatua yake ni kosa, na kila kosa lina mtu wa kulitolea macho. Jumba la mashambani la mabwana wa Kiingereza ni nyumba ya namna hiyo hasa, na hapa nitaeleza jinsi ya kuliandikia kisa kwa Kiswahili.

Ndoa ya jumba la namna hii na sayari ya Mirihi haikuanza kwetu. Mwaka 1880 Sarah Wells aliajiriwa kuwa msimamizi wa nyumba katika jumba la Uppark, huko Sussex kusini mwa Uingereza, na mwanawe H. G. Wells, wakati huo akiwa kijana, alikuwa akija kukaa naye. Darini alikuta vipande vya darubini, akaviunganisha, akawa anautazama mwezi usiku kupitia dirisha la chumba chake. Theluji ilipomzuia pale wakati wa Krismasi, alitunga kijigazeti cha kuwachekesha watu wa nyumba na kuwafanyia wajakazi maonyesho madogo chumbani kwa mama yake. Kijana huyo ndiye aliyechapisha, mwaka 1898, riwaya ya watu wa Mirihi kuivamia Uingereza. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinamwonyesha mwandishi pa kusimama: darubini ilikuwa darini na kicheko kilikuwa kwa watumishi. Simulia hadithi yako ukiwa huko, si sebuleni.

Kisha chagua mwaka, na uwe na sababu ya kuuchagua. Mimi ningechukua Septemba 1909, kwa kuwa mwezi huo Mirihi ilikuwa karibu na Dunia na magazeti yalikuwa yakiizungumzia. Mwanaastronomia Mmarekani Percival Lowell alikuwa ameshawaaminisha wengi kwamba mistari inayoonekana kwenye sayari hiyo ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, na mwezi huohuo mwanaastronomia mwenzake Eugène Antoniadi, akitumia darubini kubwa ya Meudon nchini Ufaransa, aliiona mistari hiyo ikitawanyika na kuwa madoa tu. Mwezi Aprili wa mwaka huo waziri wa fedha wa Uingereza, Lloyd George, alikuwa amewasilisha bajeti yenye kodi mpya za ardhi, na mabwana wenye mashamba walikuwa hawalali. Isitoshe, msimu wa kuwinda kwale hufunguliwa tarehe 1 Septemba, kwa hiyo majumba yalijaa wageni waliofika Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Sasa mwandishi ana kila anachohitaji: mgeni anatua Jumamosi tarehe 25, nje kuna watu wenye bunduki, na mwenye nyumba ana swali moja tu la kumuuliza kiumbe aliyevuka anga, nalo ni iwapo mifereji ile hutozwa kodi ya ardhi. Ukiwa na swali kama hilo, mkia wa nini?

Jifunze viungo vya jumba kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Katika ujia wa watumishi huwa kuna safu ya kengele zilizoning'inia ukutani, kila moja imeunganishwa kwa waya na chumba chake, na mtumishi mzoefu hutambua chumba kwa mlio wake kabla hata ya kuinua macho. Anza kisa kwa kengele ya chumba kilichofungwa miaka mingi: inatikisika mara moja, kila mtu anakaa kimya, kisha mpishi anasema tu kwamba yeyote aliye huko atakula kilichobaki. Kule Uppark kuna mahandaki yanayounganisha jumba na majengo ya huduma, kwa hiyo chakula na wachukuzi wake walipita chini ya ardhi. Njia kama hiyo itakufaa sana pale mgeni wako atakapohitaji kufichwa. Kuna pia mtaro uliochimbwa kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye bustani, ambao ukiwa jumbani huuoni, unaona majani tu yanayoenda mpaka upeo wa macho. Waingereza wenyewe huuita ha-ha, na sioni kwa nini mwandishi ajisumbue kutunga kichekesho wakati chombo cha anga kinaweza kutumbukia ndani ya kitu chenye jina hilo.

Baada ya nyumba, mpe mgeni kanuni moja ya sayansi iliyo kweli, na usiivunje hata pale inapokubana. Waandishi wengi humpa kiumbe nguvu zote, na mwenye nguvu zote hawezi kupatwa na aibu. Nguvu ya mvutano ya Mirihi ni takriban asilimia 38 ya ile ya Dunia, maana yake mgeni anayefika huku anauhisi mwili wake kuwa mzito zaidi ya mara mbili na nusu. Mpandishe ngazi za orofa tatu akiwa na uzito huo. Hawezi, na kwa kuwa hakuna mgeni wa heshima anayelazwa chini karibu na jiko, watumishi wanalazimika kumpandisha kwa lifti ndogo ya kupandishia vyombo, akiwa amejikunja kati ya sahani za supu. Wastani wa joto la Mirihi nao ni karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa hiyo sebule ambayo Waingereza wenyewe huiona ya baridi kali, kwake ni tanuri. Atakimbilia nyumba ya barafu, lile shimo la matofali lililojengewa paa ambamo barafu ya ziwani iliyokatwa wakati wa kipupwe ilihifadhiwa hadi kiangazi. Huko ndiko mpishi, akiwa na ndoo na shoka mkononi, atakakomkuta alfajiri.

Sura ya kukaa nayo sana ni ya chakula cha jioni cha Jumamosi. Wageni waliingia chumba cha kulia wawili wawili kwa kufuata vyeo, na huko chini watumishi waliokuja na mabwana zao waliketi kwa cheo cha mabwana hao, mara nyingi wakiitwa hata kwa majina ya mabwana zao. Kwa hiyo swali la cheo cha mtu wa Mirihi haliwezi kuahirishwa, hasa ikiwa mezani yupo Duki, yaani bwana wa cheo cha juu. Liandike kama mazungumzo ya watu wawili wanaojua kazi yao:

«Aketi juu ya Duki au chini yake?» aliuliza msimamizi wa nyumba.

«Inategemea, Bi. Sayari yake ni kubwa kuliko Sussex?»

«Kubwa mno, nadhani.»

«Lakini haina mvua,» alisema mtumishi mkuu, akifuta kijiko ambacho tayari kilikuwa safi. «Tumweke chini ya Duki, juu ya askofu.»

Tazama kwamba katika mazungumzo hayo hakuna anayeshtuka kuwa kiumbe ametoka angani. Kicheko kiko hapo: watu wanashtuka, lakini si kwa jambo linalostahili kushtua. Ukiandika «alipigwa na butwaa» zaidi ya mara moja katika kisa kizima, futa ile ya pili.

Hapo ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwandishi kuliko Kiingereza. Enzi hizo, baada ya kula, bibi mwenye nyumba aliinuka, wanawake wote walimfuata sebuleni, na wanaume walibaki na mvinyo wao. Mgeni wa Mirihi atafuata kundi lipi? Mwandishi wa Kiingereza atakuwa amelazimika kuitoa siri hiyo mapema, kwa kuwa lugha yake humtaka ataje mwanamume, mwanamke au kitu. Sisi tunasema «alikula», «alimtazama», «akanyamaza», na kwa sura tano nzima hakuna mtu, mezani wala miongoni mwa wasomaji, anayejua. Bibi anapoinuka, meza yote inamgeukia mgeni. Usiharakishe hapo. Mpe kila mtu sentensi yake.

Ngeli nazo ni mtambo wa ucheshi ambao sijauona ukitumiwa vya kutosha. Mtumishi mkuu, anayekasirishwa na unyevu unaodondoka kwenye zulia, aseme tangu mwanzo «kimefika», «kimeketi», «kinaomba chumvi». Mpishi, ambaye kwake kila mwenye kinywa ni mtu, aseme «amefika» na «anaomba». Usieleze tofauti hiyo popote. Msomaji wa Kiswahili ataisikia, na atakuwa akiisubiri siku mtumishi mkuu atakapoteleza. Jihadhari kidogo na maamkizi: usimpe mtumishi wa Kiingereza «shikamoo», kwa maana papo hapo jumba litahamia Pangani. Heshima yake iwe katika urefu wa sentensi zake na katika yale anayokataa kuyasema.

Kuhusu mpangilio wa matukio sina mengi ya kusema, kwa sababu wahenga wameshaupanga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumamosi ni ya ukarimu. Jumapili ni ya kanisa, mvua, na kwale mmoja anayerudi akiwa hai kwa msaada wa mgeni, jambo linalowaudhi wawindaji kuliko uvamizi wowote. Jumatatu jembe linatolewa: chombo kiko bado kwenye mtaro wa ha-ha, watunza bustani hawatoshi, na kila mtu pamoja na Duki lazima achimbe.

Iliyobaki ni kuagana. Ilikuwa desturi mgeni anapoondoka kuwaachia watumishi bahashishi, na mtumishi mkuu angesimama mlangoni kwa namna isiyoonyesha kwamba anasubiri. Mgeni wako hana fedha ya nchi hii. Mpe kitu kidogo cha kumwekea mtumishi mkuu kiganjani, chenye baridi kiasi cha kuunguza, wala usiseme ni nini. Mlango unafungwa, chombo kinainuka juu ya miti, na mpishi anapanda kutoka jikoni kuuliza kama kuna chochote kilichosahauliwa.

«Mwavuli,» anasema mtumishi mkuu, mkono wake ukiwa bado umefumbwa. «Ameuacha mwavuli wake.»