Somo: Kuandaa sakafu kabla ya kubandika marumaru

Marumaru ikigongwa ikalia kama debe tupu, lawama hupewa gundi. Mara nyingi kosa liko chini ya gundi: vumbi, unyevu au sakafu iliyopinda. Hapa tunazungumzia sakafu ya zege, chumba cha chini.

1. Unyevu. Zege jipya lipe siku 28, na masika liongezee. Kisha kata nailoni ya mita 1 kwa mita 1, itandaze, ziba kingo zote kwa seloteipu pana, iache saa 24. Ukifunua ukakuta matone, au zege limegeuka jeusi, maji yangali yanapanda. Kama nyumba ilimwagwa zege bila nailoni chini, kungoja hakusaidii. Paka dawa ya kuzuia maji kwanza.

2. Ugumu. Gonga kote kwa mpini wa nyundo. Panapolia uwazi, vunja mpaka ulikute zege gumu. Sakafu nyekundu ya nta ndiyo inayodanganya watu, maana ni ngumu na imenyooka, lakini nta haishiki kitu. Idonoe yote kwa nyundo ya ncha, vidonda vya milimita 3 hivi, kila baada ya sentimita 3 hadi 5. Fagia, osha, fagia tena.

3. Usawa. Piga alama kuta zote nne kwa mpira wa maji (mpira mwembamba unaoonekana ndani, uliojazwa maji; maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja), halafu pima kushuka. Laza rula ya aluminiamu ya mita 2: uwazi chini yake usizidi milimita 3. Usijaze bonde kwa gundi. Gundi nene husinyaa ikikauka, na kona ya marumaru huzama nayo. Za sentimita 60 kwa 60 ndizo zinazoonyesha upesi.

4. Skridi, yaani tabaka la saruji na mchanga la kusawazisha sakafu. Saruji 1 kwa mchanga 4, yaani mfuko wa kilo 50 kwa ndoo 7 za lita 20. Chumba cha mita 3 kwa 4, unene wa sentimita 4, kitakula mifuko 4 hivi. Maji yawe kidogo: ukilifinya tonge lishikane, lisichuruzike.

Kabla ya kumwaga, lowesha zege, kisha paka uji wa saruji kwa brashi, kipande kwa kipande, na skridi iufuate ungali mbichi. Ukikauka unageuka ngozi inayotenganisha, bora usingepaka kabisa. Ukutani acha nafasi ya milimita 5. Bafuni shusha sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Funika kwa nailoni siku 7, kisha iache ikauke. Kadiria siku moja kwa kila milimita ya unene.

MASWALI

Mwanachama, Chake Chake: Fundi, nina mchanga wa pwani umenyeshewa miezi. Haufai tu?

Jibu: Haufai, ndugu yangu. Mvua huosha wa juu, wa ndani ya lundo unabaki na chumvi yake. Chumvi huvuta unyevu, halafu unga mweupe unachomoza kwenye mistari ya grauti (kijazo cha kati ya marumaru) kila ukifuta. Tafuta wa shamba, na uuchekeche.

Mwanachama, Mji Mkongwe: Ghorofani kwetu ni boriti na chokaa. Nimwage sentimita 4 hizo hizo?

Jibu: Hapana, dada. Chumba cha mita 3 kwa 4 utakiongezea karibu tani nzima, bado marumaru. Boriti zikilegea, skridi ya saruji itapasuka, marumaru nazo. Sakafu ya chokaa itengenezwe kwa chokaa. Na kabla ya kugusa chochote, fuata kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Mwanachama, Fuoni: Juu ya marumaru za zamani je?

Jibu: Zikiwa hazilii uwazi, inawezekana. Zikwaruze kwa grinda, tumia gundi maalumu ya kazi hiyo. Ila pima mlango kwanza. Sakafu itapanda sentimita moja na nusu hivi.