Injini ikinoki ndani ya waranti: jinsi ya kudai matengenezo ya gari la kasi ukiwa Marekani

Gari langu ni la viti viwili, silinda sita, na lilipofika maili 31,000 likaanza kutoa sauti ambayo fundi yeyote wa Ilala angeitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Limenoki. Ko-ko-ko ya chinichini, inayokazana ukikanyaga mafuta na kufifia ukiachia. Waranti ya injini, yaani dhamana ya mtengenezaji, ilikuwa bado hai kwa zaidi ya mwaka mzima, nikajua nitalipeleka, watatengeneza, basi. Ikanichukua wiki 11, na dola 2,940 zilitoka mfukoni mwangu kwa sababu ya saini moja. Nipo Houston, kwa hiyo mambo ya jimbo nitakayoyataja ni ya Texas. Yaliyobaki yatamfaa ndugu yeyote aliye Marekani.

Ukisikia hiyo sauti, zima hapo hapo. Usijikongoje nalo hadi kwa wakala, yaani duka linalouza na kutengeneza magari ya kampuni hiyo. Kati ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) na krenki (shafti kuu inayozungushwa) kuna beringi nyembamba zinazotegemea utando wa oili, na utando ukikatika chuma kinasaga chuma hadi konrodi itoboe bloku. Ikifika hapo mtengenezaji anaweza kusema uliendelea kuendesha huku ukijua gari ni bovu, na uharibifu wa namna hiyo waranti hazilipi. Ita gari la kuvuta. Angalia kwanza kitabu cha waranti, maana mara nyingi huduma hiyo imo na namba ya simu ipo. Kabla halijaondoka rekodi video yenye sauti, piga picha maili zilizosomeka na kiwango cha oili. Magari mengi ya aina hii hayana dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, kwa hiyo piga picha ya kipimo kwenye skrini.

Karatasi unazijua: risiti za kila mabadiliko ya oili, zenye tarehe na maili. Kama unabadilisha mwenyewe nyumbani, tunza risiti ya oili na filta, uandike maili juu yake kwa kalamu siku ileile. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kukulazimisha ufanyie sevisi kwa wakala wake ili waranti ibaki hai. Na kama gari ulilinunua mkononi mwa mtu, usikate tamaa: kwa kawaida waranti ya kiwandani hufuata namba ya chesisi. Piga simu kwa mtengenezaji, wasomee herufi na tarakimu zote 17, waulize inaisha lini.

Sasa saini yenyewe. Nyumbani gari likinoki unakwenda kwa fundi, anasikiliza, anasema tufungue tuone, nawe unasema fungua. Unakaa pale kwenye benchi, unaona kila nati inavyotoka. Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Kijana wa mapokezi alinisogezea tableti akasema, kwa adabu kabisa, "Saini hapa ili waanze kufungua." Nikasaini kwa kidole. Chini ya sanduku la saini kulikuwa na maandishi niliyoyasoma wiki tatu baadaye: mteja anaruhusu injini ishushwe na kufunguliwa, na waranti ikikataa, mteja atalipa kazi yote. Saa 14, dola 210 kila saa. Waranti ilikataa, na gari lisingetoka pale, wala injini isingerudishwa, kabla sijalipa.

Wewe fanya hivi. Usisaini chochote cha kufungua injini kabla dai halijafunguliwa kwa mtengenezaji mwenyewe na wewe ukapewa namba yake. Wakala na mtengenezaji ni watu wawili tofauti. Wakala anafanya kazi, mwenye waranti ndiye anayelipa. Kisha omba kazi igawanywe. Hatua ya kwanza iwe kumwaga oili, kukata filta ya oili na kushusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) tu, kwa bei iliyoandikwa. Hiyo peke yake inasema mengi. Fundi wao aliponionyesha filta yangu alikuwa ameitandaza karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, na chini ya taa vipande vya chuma vilimetameta kama magamba ya dagaa. Kwa ushahidi kama huo, wakala anaweza kumwomba mtengenezaji kibali cha kuendelea kabla injini haijashushwa. Laiti ningelijua hilo. Andika pia kwenye fomu kwamba hakuna kipande kitakachotupwa bila idhini yako.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Mimi niliambiwa kwa mdomo kwamba tatizo ni filta ya hewa niliyobadilisha. Nikawaandikia nikiomba wanionyeshe filta ya hewa iliharibuje beringi ya krenki, kwa sababu chini ya sheria ile ile ya Magnuson-Moss kuweka kifaa cha kampuni nyingine hakutoshi kufuta waranti. Ni juu yao kuonyesha kwamba ndicho kilicholeta hasara. Niliomba pia nakala ya data ya kompyuta ya injini. Kompyuta hizo huweka kumbukumbu za mizunguko ya injini iliyozidi kiwango, na kwenye gari langu haikuwepo hata moja. Lakini kama uliwahi kukosea gia ukaiingiza ya pili badala ya ya nne, injini ikazunguka kupita kiasi, jua kwamba inaonekana. Mtengenezaji akamtuma mhandisi wake kukagua. Alichukua dakika 40, na siku nne baadaye injini mpya ikaidhinishwa na pesa zangu zikarudi.

Kama barua isingefanya kazi, ningekwenda kwa BBB AUTO LINE ya Better Business Bureau, usuluhishi usiomgharimu mteja kitu, ambao watengenezaji wengi wamejiunga nao. Texas kuna pia sheria ya magari mabovu: gari jipya likikaa gereji jumla ya siku 30 ndani ya miezi 24 au maili 24,000 za mwanzo, bila wewe kupewa gari mbadala linalolingana, unaweza kulalamika Idara ya Magari ya jimbo kwa ada ya dola 35. Langu lilishapita maili hizo. La kwako likiwa bado, hesabu siku tangu lilipoingia, na kila ziara udai karatasi yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Siku ya kuchukua gari, usiondoke bila karatasi yenye namba ya injini mpya. Uliza waranti yake ni ya muda gani, maana mara nyingi inahesabiwa kwa muda uliobaki wa ile ya zamani, na uliza maili za kulainisha injini ni ngapi kabla ya kuikanyaga. Langu liliandikiwa maili 1,000. Niliziendesha taratibu, redio nimeizima, nikisikiliza.