Umeme wa kijito kwa kijiji chenu: anzeni na ubao wa kupimia maji, mchango baadaye

Mwezi wa tano mwenyekiti wa kijiji kimoja mkoani Njombe alinipigia simu. Wananchi walikuwa wameshakubaliana kuchanga, wakabakiza swali moja: wanunue mashine ya ukubwa gani? Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Naomba msikusanye hata shilingi mpaka mwezi wa kumi na moja upite." Hakufurahi. Tulikwenda pamoja hatua kwa hatua hadi mwisho wa kiangazi, na haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Mkutano mkuu wa kijiji

Itisheni, mwelezane, mchague kamati ya watu saba au tisa, muhtasari uandikwe na usainiwe. Hakikisheni ndani ya kamati yumo mwenye shamba mahali bomba litakapopita, na yumo mwenye kinyungu (bustani ya bondeni ya kiangazi) chini ya banio, yaani pale maji yatakapochepushwa kutoka kijitoni.

Hatua ya 2: Pimeni maji

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo nitakaa sana.

Kanuni ya mitambo midogo ni rahisi: lita za maji kwa sekunde, mara mita za anguko (kimo ambacho maji yanashuka kutoka banio hadi mtambo), mara 5, unapata wati. Hiyo 5 imeshaondoa kinachopotea kwenye bomba, kwenye mashine na kwenye nyaya. Anguko halibadiliki. Maji yanabadilika kila mwezi, na Nyanda za Juu Kusini yanafika chini kabisa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza. Mtambo unapangwa kwa maji ya mwezi huo.

Wazee watakwambia, "Kijana, kijito hiki hakijawahi kukauka tangu nizaliwe." Wanasema kweli. Lakini kutokukauka ni jambo moja, na kutosha kuzungusha mashine ni jambo lingine.

Kutupa chungwa mtoni na kuhesabu sekunde kunakupa picha ya siku ya kwanza tu, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Ninachokiamini mimi ni ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90. Ziba kijito chote kwa ubao, mkato ukae katikati, kingo zake uzivishe bati lililokatwa vizuri ziwe kali. Maji yote yapite kwenye mkato na yadondoke hewani, yasigusane na maji yaliyo chini ya ubao. Kisha soma kina cha maji juu ya ncha ya V:

- sentimita 15: karibu lita 12 kwa sekunde
- sentimita 20: karibu lita 25
- sentimita 25: karibu lita 43
- sentimita 30: karibu lita 68

Angalia tena namba hizo. Kina kikishuka kwa sentimita 10 tu, kutoka 30 hadi 20, zaidi ya nusu ya maji imeondoka. Ndiyo maana kosa dogo la rula ni kosa kubwa la umeme.

Kijiji cha kwanza nilichofanyia kazi nilisimika rula mita moja juu ya ubao, mahali panapofaa, ila sifuri yake niliilinganisha kwa macho. Ikakaa sentimita 5 chini ya ncha ya mkato. Kwa wiki nyingi tuliandika 25 wakati kina halisi ni 20. Anguko letu lilikuwa mita 60. Daftari likatupa karibu kilowati 13, kijito kilikuwa na 7.5. Motor ya mashine ya kusaga, ya nguvu za farasi 10, peke yake inataka kilowati 7.5, na wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya huo. Akina mama waliokuwa wakitembea saa mbili na debe la mahindi kichwani walishaambiwa mashine inakuja. Niliingia mwenyewe kwenye maji nikiwa na mpira wa maji wa mafundi ujenzi (ule unaoonyesha ndani, unaojazwa maji ili kulinganisha usawa), nikapima upya, ikabidi nisimame mbele ya mkutano kuwaeleza. Bomba lilikuwa bado halijanunuliwa, nashukuru kwa hilo.

Kwa hiyo:

Sifuri ya rula isimikwe kwa mpira wa maji, ilingane na ncha ya V. Macho hayatoshi, wala fimbo iliyolazwa.

Rula isipigiliwe kwenye ubao wenyewe. Karibu na mkato uso wa maji huwa umeshaanza kuinama na utasoma pungufu. Isogeze juu mita moja au moja na nusu.

Ziba chini na pembeni kwa turubai, udongo wa mfinyanzi na viroba vya mchanga. Kila wiki pitisha mkono kwenye matope nyuma ya ubao. Ukihisi ubaridi unaotembea, panavuja.

Soma asubuhi na jioni. Wenye vinyungu hufungua mifereji yao asubuhi, na kiangazi ndicho kipindi chao cha mboga na mahindi mabichi. Usomaji wa jioni peke yake utakudanganya. Maji yao ni haki yao, yatolewe kwenye hesabu, pamoja na ya kubaki mtoni.

Hatua ya 3: Pimeni anguko

Mpira wa maji tena, ngazi kwa ngazi, kutoka banio hadi penye nyumba ya mtambo. Ondoeni mapovu kwenye mpira. Programu za simu za kupima mwinuko msizitumie kabisa, zinakosea kwa mita nyingi. Kwa uhakiki, teremsheni bomba jembamba lililojaa maji na kufunga geji ya presha mwisho wake: bar 1 ni mita 10.2.

Hatua ya 4: Fedha

Sasa ndiyo mchango. Nguvu kazi ya wananchi (kuchimba mfereji, kubeba mchanga na mawe) iandikwe kwa siku na kwa jina, maana wafadhili wengi huihesabu kama mchango wenu. Fedha taslimu kusanyeni baada ya mavuno, kwa stakabadhi, ziingie benki siku hiyohiyo, watia saini wasipungue watatu. Peleka maombi Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na daftari lenu la maji liambatanishwe.

Bei ya uniti ipangeni kwa uniti mtakazouza. Mtambo wa kilowati 7.5 ukizunguka saa 24 unafua uniti 180. Kama kijiji kinawasha taa na televisheni saa tano tu jioni, kwa wastani wa kilowati 5, mmeuza 25. Mshahara wa mwendeshaji, beringi, mkanda na akiba ya matengenezo vyote vinatoka kwenye hizo 25. Tafuteni mteja wa mchana: fundi seremala, kinyozi, friji ya zahanati.

Hatua ya 5: Vibali

Kibali cha maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde. Njombe mito mingine huishia Rufiji na mingine Ziwa Nyasa, kwa hiyo ulizeni kwanza bonde lenu ni lipi. Mazingira ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Chini ya megawati 1 hamhitaji leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ila mradi usajiliwe.

Hatua ya 6: Ujenzi

Mpeni fundi aliyewahi kujenga mtambo unaozunguka leo, na mkautembelee. Nguzo ziwe zimetiwa dawa. Kidhibiti mzigo (kifaa kinachomeza umeme usiotumika) msikiache kwa kubana matumizi: watu wakizima taa kwa pamoja, mashine huongeza kasi na kuunguza kila kilichochomekwa. Kila nyumba ifungiwe mita ya kulipia kabla.

Na ule ubao wa V msiung'oe baada ya kuwasha. Mwendeshaji aende kuusoma kila asubuhi akiwa na daftari lake. Kwa anguko la mita 60 kama lile, kina kikifika sentimita 20, apige simu kwa mwenye mashine ya kusaga asiwashe siku hiyo.