Dawa za NHS (huduma ya afya ya serikali Uingereza): niulize kabla hujalipa

Mwezi uliopita alikuja kaunta kwetu, duka la dawa hapa Leicester, England, mama mmoja kutoka Bukavu, anafanya usafi wa ofisi usiku. Cheti chake cha daktari kilikuwa na dawa tatu: mbili za presha, moja ya pumu. Nikamwambia pauni 29.70. Akafungua pochi, akahesabu noti mara mbili, kisha akaniinamia na kusema polepole, "Dada, nikichukua za presha leo, hii ya kuvuta nikaifuata mwisho wa mwezi, kuna ubaya?"

Upo ubaya. Pumu haingoji mshahara. Mwaka wa sita sasa nasimama kwenye kaunta hii, na swali lake nalisikia kila wiki kwa lugha mbalimbali, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye msaada upo na hakuna aliyemwambia.

Elewa kwanza bei inavyokwenda. England hulipii thamani ya dawa. Tangu Mei 2024, kila aina ya dawa iliyoandikwa kwenye cheti cha daktari ni pauni 9.90, iwe vidonge 28 au 56. Hata kama dawa inagharimu mamia ya pauni, wewe unatoa hizo 9.90, serikali inabeba zilizobaki. Walio Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini hawatozwi kitu, kwa hiyo jamaa yako wa Glasgow akikwambia dawa ni bure, hakudanganyi, ila habari yake si ya huku.

Kama una miaka 60 au zaidi, hulipi. Mtoto chini ya miaka 16 halipi, wala wa 16 hadi 18 anayesoma kutwa. Mjamzito naye halipi, mpaka mtoto afikishe mwaka, lakini lazima awe na cheti cha msamaha. Mwombe mkunga wako akuombee. Usisubiri tumbo liwe kubwa.

Kwenye maradhi ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mtu anaona ugonjwa ni wa maisha, basi dawa ni bure. Sivyo. Mwenye sukari anayetumia dawa amesamehewa, lakini anayejitibu kwa chakula pekee hamo kwenye orodha ya msamaha. Wamo pia mwenye kifafa anayemeza dawa mfululizo, mwenye tezi dhaifu ya shingo anayetumia homoni, anayetibiwa saratani, na wengine wachache. Presha peke yake haimo. Pumu haimo. Orodha hii ilipangwa 1968, saratani ikaongezwa 2009, na wenye pumu mpaka leo wako nje. Kwangu mimi hiyo si haki, na nitaendelea kusema hivyo.

Ukiwa kwenye orodha, ugonjwa wenyewe hautoshi, unahitaji cheti. Nenda kwa daktari wako, mwambie mtu wa mapokezi unataka fomu FP92A. Cheti kikitoka kinafunika dawa zako zote, hata za jino au mgongo, kwa kawaida kwa miaka 5. Iandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona.

Kama kipato ni kidogo, jaza fomu HC1. Ukipata cheti cha HC2, dawa ni bure, na matibabu ya meno ya NHS pia. Wanaoomba hifadhi na kupewa msaada na serikali huletewa HC2 bila kujaza fomu hiyo. Wanaopokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wawe waangalifu sana: unasamehewa kama mshahara ulioingia mkononi katika mwezi wa mwisho wa hesabu ya malipo hayo ni pauni 435 au chini, au 935 kama malipo yako yana fungu la mtoto au la ugonjwa unaokuzuia kufanya kazi. Binamu yangu aliwekewa alama ya msamaha kwenye cheti cha daktari na mhudumu wa duka moja la dawa, naye akatia sahihi bila kusoma. Mwezi ule alikuwa amefanya zamu za ziada. Ikaja barua ya faini, ambayo inaweza kufika pauni 100 juu ya bei ya dawa. Ile sahihi ni yako, si ya aliyekuhudumia. Kama huna hakika, lipa kwanza.

Na kama huingii popote, kama yule mama? Nunua cheti cha kulipia mapema, PPC. Cha mwaka ni pauni 114.50, cha miezi 3 ni 32.05. Ukitumia dawa 12 au zaidi kwa mwaka, tayari umeokoa. Mama yule angelipa pauni 356.40 kwa mwaka. Alikaa kwenye kiti chetu cha kusubiria, tukafungua tovuti ya NHS kwenye simu yake, akachagua kukatwa benki pauni 11.45 kwa miezi 10. Namba ya cheti ikaingia palepale. Akaondoka na dawa zote tatu.

Na wewe unayelipa leo huku ukingoja cheti: dai risiti iitwayo FP57 saa hiyohiyo ukiwa kaunta, uirudishe ndani ya miezi 3 upate pesa zako. Kesho yake siwezi kukupa, hata ukinionyesha malipo kwenye simu.